Utajuaje Kama Haikudanganyi

3 Februari

Mpwa wangu Haraka,

Barua yako imenifikia Jumanne, imekunjwa kama mwandishi wake alikuwa amesimama mlangoni. Marahaba ya shikamoo yako. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanung'unika kwenye ngazi, na hospitali yetu ina ngazi nyingi kuliko wagonjwa. Kimya, ambaye bado ni fundi msaidizi wangu, anakusalimu. Alisema "msalimie," akarudi kwenye chai yake, na hayo kwa mtu kama yeye ni hotuba.

Kumbe umekabidhiwa jengo zima peke yako. Ghorofa kumi na nne, lifti mbili, na ofisi yenye meza. Mtoto wa dada yangu ana meza. Nimewaambia watu wote wa zamu, hata wale ambao hawakuniuliza.

Sasa unasema lifti ya kulia inasimama chini ya sakafu kwa upana wa kiganja, watu wanajikwaa wakitoka, na unataka nikuambie dawa yake. Miaka kumi na moja nimekufundisha kazi hii, lini nilikupa dawa? Nijibu haya kwanza. Inakosea ikiwa na watu au ikiwa tupu? Ikipanda au ikishuka? Asubuhi ni sawasawa na alasiri? Na ulipopeleka kiganja karibu na breki kule chumba cha mashine, ulihisi nini? Au hukupeleka, kwa sababu ulikuwa na haraka ya kuniandikia?

Usinipigie simu. Swali la simu hujibiwa kabla halijakaa chini. La barua unalala nalo, na asubuhi unaamka unaona ulikuwa mjinga wapi.

La mwisho ni la darasa la kwanza, usinune. Kabla hujapanda juu ya kibanda cha lifti, unafanya nini? Niandikie hatua zote, moja moja, kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kuliona shimo la lifti.

Mjomba wako,
Bwana Kwa Nini
(mlidhani sijui mnavyoniita)


Jumanne, 20 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nililala na maswali yako siku nne na yakaninyima usingizi zote nne. Inakosea ikiwa na watu. Ikishuka. Asubuhi inasimama sawa kabisa, kuanzia saa nane mchana ndipo inazama. Nilipoyaweka hayo matatu mezani pamoja, nikapanda chumba cha mashine bila hata kufika swali la nne. Breki ilikuwa ya moto mpaka nikarudisha mkono. Pedi za breki zimelika, zikipata joto zinateleza. Nimebadilisha zote mbili. Mhasibu wa ghorofa ya tisa, ambaye alikuwa ameshajikwaa mara tatu, amenishukuru kama nimemwokoa mtoni.

Ungeweza kuniandikia neno moja tu, "pedi," tukaokoa wiki mbili. Lakini najua ungefanya hivyo ningejua pedi tu. Haya, umeshinda.

Sasa swali lako la darasa la kwanza. Mjomba, nina miaka thelathini na minne. Lakini kwako mimi sikui, kwa hiyo pokea. Naita lifti isimame chini kidogo ya sakafu niliyopo, ili juu ya kibanda pawe karibu na miguu yangu. Nafungua mlango kwa ufunguo, upana wa mkono tu. Mlango ukiwa wazi, nabonyeza kuita lifti: isipokwenda, kufuli la mlango ni zima. Nanyoosha mkono ndani, nabonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha. Nafunga mlango, naita tena: isipokwenda, kitufe ni kizima. Nafungua, nageuza swichi ya ukaguzi, ile inayoifanya lifti isiitike wito wa milangoni, naachia kitufe chekundu, nafunga mlango, naita mara ya tatu: isipokwenda, swichi ni nzima. Nafungua, nabonyeza kitufe chekundu tena, nawasha taa. Ndipo napanda. Kila kitu kinapimwa peke yake, kwa sababu, kama ulivyokuwa unatuuliza mpaka tukachoka, "Swichi ikisema imezimwa, utajuaje kama haikudanganyi?"

Leo Jumanne, kwa hiyo yote niliyoandika ni ya kweli. Mtego wa Ijumaa haujafika. Unakumbuka ulivyoturuhusu, kila Ijumaa, kuchanganya jibu moja la uongo ulikamate? "Mwalimu asiyetegwa husinzia." Hukuwahi kukosa hata mmoja. Nilikuwa nakuchukia Ijumaa.

Mpwa wako,
Haraka


2 Machi

Mpwa wangu Haraka,

Pedi. Safi. Uliona jinsi ulivyoyaweka matatu mezani pamoja? Hapo hakukuwa na mjomba, ulikuwa wewe.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nimeikunja naiweka mfuko wa juu wa ovaroli, karibu na kalamu. Hatua zimeandikwa vizuri. Mwandiko wako umekuwa mkubwa, au ni miwani yangu mipya.

Nina mengine. Ukiwa juu ya kibanda na kibanda kikashuka, ule uzito wa kusawazisha unakwenda wapi, na unapita upande gani wa mwili wako? Mota ikinguruma na lifti haiendi, unaanza kuangalia wapi? Na lile la kupanda juu ya kibanda, liandike tena. Fupisha. Hatua zilikuwa nyingi, mtu mwenye kazi hapati muda wa kusoma ukurasa mzima.

Huku tuko vizuri. Kimya amekuwa kama mke, ananifuata kila ghorofa. Juzi nimemwambia mimi si mzigo wa hospitali, aende akale.

Mjomba wako


Ijumaa, 15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimekaa na barua yako wiki nzima na nimekasirika, na afadhali niseme kuliko nikae na kinyongo.

Unaniuliza uzito unakwenda wapi. Mtoto wa shule anajua: kibanda kikishuka wenyewe unapanda. Unapita nyuma yangu, ndiyo maana nafunga ovaroli mpaka shingoni. Mota ikinguruma na lifti haiendi, naanza na breki, kwamba haikuachia. Hayo ulinifundisha mwaka wa kwanza. Halafu unaniambia niandike tena hatua za kupanda kibandani, nilizokuandikia mwezi uliopita bila kosa hata moja.

Kuna mtu amekuambia kitu? Meneja wangu amekuandikia? Kwa sababu hapa nao hawaniamini. Mwanamke na bisibisi ni kichekesho chao cha asubuhi. Nilitegemea angalau wewe. Kama unadhani sifai, niulize hivyo, moja kwa moja, si kunizungusha na maswali ya darasa la kwanza.

Haya, umetaka kwa kifupi. Fungua mlango kwa ufunguo. Mlango ukishakuwa wazi lifti haiwezi kwenda, kwa hiyo panda kwanza, simama vizuri. Kitufe chekundu utakibonyeza ukiwa juu. Kisha geuza swichi ya ukaguzi. Basi.

Leo ni Ijumaa. Unajua Ijumaa ni siku gani kwetu.

Haraka


28 Machi

Mpwa wangu,

Barua imefika. Usikasirike, hakuna aliyeniambia neno lolote juu yako. Wewe ndiye fundi bora niliyemtoa mkononi mwangu, na meneja wako akikucheka mwambie apande ngazi ghorofa kumi na nne kwa wiki moja, atajua bisibisi ni ya nani.

Majibu yote matatu sawa. Nimeyasoma mara tatu, sikuona kosa. Na hili la kibanda sasa ndilo nililotaka, fupi, linaingia kichwani na mfukoni. Barua ile ndefu nimeiweka kabatini nyumbani.

Wiki ijayo tunaingia kwenye shimo la lifti ya upasuaji. Kufuli za milango zimechakaa, mlango wa ghorofa ya tatu ukishikwa unachezacheza kama jino la mtoto. Tutazikagua zote. Na zako, umezikagua lini?

Mjomba wako


8 Aprili

Mjomba,

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi na sasa ni saa nne na robo. Naandikia sakafuni chumba cha mashine.

Hukuona mtego? Ile barua niliandika Ijumaa. Nilikuambia ni Ijumaa. Kwenye kupanda kibandani niliweka uongo, tena uongo mkubwa kuliko wote, ule uliokuwa unatupigia meza kwa ajili yake: kwamba mlango ukiwa wazi lifti haiendi, basi unapanda kwanza. Mjomba, mlango ndio wa kwanza kudanganya. Kufuli likiisha lifti haijui kama mlango uko wazi, mtu akiiita inakwenda. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilidhani utanijibu kwa ukali kurasa nne, na mimi nitacheka, tutapatana.

Ichane barua ile. Tafadhali ichane. Na usiingie shimo la upasuaji mpaka unijibu. Nimejaribu simu ya karakana yenu mara sita, inaita tu.

Haraka


6 Aprili

Dada Haraka,

Salamu. Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe. Nilipiga simu ofisini kwenu mara mbili, akapokea mtu akasema uko juu kwenye mashine. Niliona aibu kumwachia mgeni habari kama hii.

Mzee yu hai. Naanza na hilo. Amevunjika mguu wa kulia chini ya goti, sehemu mbili. Amelazwa hapahapa kwetu, ghorofa ya nne. Mimi bega liliteguka, limerudishwa, naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala.

Ilikuwa juzi Alhamisi asubuhi, ghorofa ya tatu, lifti ya upasuaji. Mimi niliinama kwenye sanduku la vyombo, natafuta taa. Nilimsikia anafungua mlango. Nilipoinua kichwa nikamwona ameshaweka mguu mmoja juu ya kibanda. Hajabonyeza chochote. Muuguzi wa chini akaita lifti, naye hakuwa na kosa, alikuwa na mgonjwa kitandani. Mlango wazi, na kibanda kikashuka. Nilimshika mkanda. Mguu ulibaki katikati ya kibanda na ukingo. Nilivuta, sijui nilivuta vipi.

Kuna kitu nimekificha tangu mwaka jana na sasa lazima nikuambie. Mzee amekuwa anasahau. Mwanzoni vitu vidogo, bisibisi, siku ya mshahara. Halafu kazi yenyewe. Anasimama mbele ya mlango na ufunguo mkononi kama mtu anayesubiri mtu mwingine aufungue. Nilikuwa namfuata kila mahali ili nimwonyeshe bila kumwonyesha. Halafu mwishoni mwa mwezi wa pili akawa mzuri tena ghafla. Nikashukuru. Kumbe kabla ya kila kazi alikuwa anatoa barua mfukoni, anasoma, anairudisha, ndipo anaanza. Mimi nilidhani anasoma salamu zako, najua anavyokupenda.

Siku ile nayo alisoma. Barua nimeiokota sakafuni. Ni yako, ya Ijumaa. Nimesoma mistari mitano ya mwisho.

Dada, sikulaumu. Mimi pia niliwahi kumtega Ijumaa. Ila alipokuuliza, alikuwa anauliza kweli.

Kimya


14 Aprili

Mjomba,

Barua ya Kimya imefika siku mbili baada ya mimi kukuandikia. Nimeomba likizo, wamenipa kuanzia mwezi wa sita, hakuna wa kuniachia lifti. Nimelia kwenye ofisi yenye meza, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Nilikutega. Ulikuwa unaniomba msaada kwa njia pekee unayoijua, na mimi kwa kiburi changu nikakupa sumu nikaifunga kwenye bahasha na stempu. Nakuomba msamaha, na najua msamaha hauungi mfupa.

Lakini kwa nini hukusema, Mjomba? Miezi hii yote. Kuuliza si ujinga, umetuimbia hilo tangu siku ya kwanza. Mbona la kwako ulilificha ndani ya la kwangu, ukajifanya unanifundisha?

Kimya ameniandikia tena, mistari mitatu tu. Anasema umewaambia wakubwa wa hospitali kwamba ulibonyeza kitufe chekundu na hakikufanya kazi. Kitufe hicho alikifunga Kimya mwezi wa kwanza. Sasa wameunda kamati, na ataitwa tarehe ishirini ya mwezi ujao kujieleza kwa nini alifunga kitufe kibovu. Hajanilalamikia. Aliandika tu, "Mzee amesema hivyo," akaweka nukta.

Nijibu.

Haraka


25 Aprili

Mpwa wangu,

Nimepokea barua zako zote mbili. Nimeshangazwa na lugha yako. Mimi si mgonjwa wa kichwa. Nina mguu uliovunjika na daktari anasema unaunga vizuri kuliko wa kijana.

Mtego wako niliuona siku ileile ulipofika. Nilinyamaza makusudi nione utachukua muda gani kukiri. Huo ndio ufundishaji. Na juu ya kibanda nilifanya yote kama ninavyofanya miaka thelathini na mbili. Nilibonyeza kitufe. Nakumbuka kabisa nikibonyeza. Kitufe kilikuwa kibovu, na aliyekifunga ajieleze, kazi ni kazi. Kimya ni mtu mwema lakini wema hauzimi lifti.

Barua mfukoni naziweka kwa sababu ni za mpwa wangu. Mtu akiweka barua mfukoni, wamtangaze kwamba amepotewa na akili. Mguu ukishaunga narudi kazini.

Mjomba wako


1 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimeisoma barua yako mara kumi nikitafuta kitu, na sasa najua nilichokuwa natafuta. Ni barua ya kwanza katika maisha yangu kutoka kwako ambayo haina swali hata moja. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha, kuliko mguu.

Sitabishana nawe. Ulitufundisha kwamba mtu aliyeambiwa atasahau, mtu aliyeulizwa atatafuta. Basi sikuambii kitu. Nakuuliza, na nakuomba ulale nayo kabla hujajibu, kama nilivyolala na breki yangu.

Unasema uliuona mtego. Katika barua ile kulikuwa na majibu matatu. Ukiacha nilivyokuambia mwenyewe baadaye, ungejua uongo ni upi? Niandikie hatua za kupanda kibandani, zote, bila barua yangu yoyote mbele yako. Usimwulize Kimya. Usiniandikie nilichoandika, andika unachokijua.

Unasema unakumbuka ukibonyeza kitufe. Unakumbuka nini kabla yake? Ulisimama wapi, mkono gani ulishika mlango, taa ilikuwa imewashwa na nani? Na je, siku hiyo ina kitu chochote kinachoitofautisha na siku nyingine elfu ulizobonyeza?

Fundi wa umeme akija kesho akakipima kitufe kile na kukikuta kizima, utakuwa umemfanya nini mtu aliyekushika mkanda?

La mwisho ni lako, silitungi mimi. Swichi ikisema imezimwa, hatuiamini mpaka tuipime. Mtu akisema yu mzima, utajuaje kama hajidanganyi?

Leo ni Jumatano. Hakuna mtego humu.

Mpwa wako anayekupenda,
Haraka


12 Mei

Mpwa wangu Haraka,

Barua yako niliitupa chini ya kitanda. Mfagiaji akairudisha mezani. Nikaitupa tena. Mara ya tatu akaniambia, "Baba, hii karatasi haitaki kuondoka," nikaona aibu nikaifungua.

Nimelala nayo siku tano. Najibu.

La kwanza. Nilichukua karatasi nyeupe nikaandika juu, "Kupanda kibandani." Nikaandika, "Fungua mlango kwa ufunguo." Baada ya hapo, Haraka, hakuna. Nilikaa na kalamu tangu chai ya asubuhi mpaka walipoleta chakula cha mchana. Mwenzangu wa kitanda cha pili alidhani naandika wosia. Najua kuna kitu kinafuata. Naona ukubwa wake, kama mtu anayejua kabati lilikuwa hapa ukutani kwa sababu rangi ya ukuta ni tofauti. Kabati lenyewe silioni. Mtego wako sikuuona. Nilikudanganya.

La pili. Naapa kwa kaburi la mama yako, nilipowaambia nilibonyeza, nilikuwa nakiona kidole changu kikibonyeza. Nikakaa nikakitazama vizuri, kama ulivyoniagiza. Kile kidole hakina kovu. Hiki changu kina kovu tangu ile siku mnyororo uliponikata, wewe ukiwa mwaka wa pili. Kwa hiyo nilichokikumbuka si cha juzi. Ni kidole cha zamani. Niliwapa wakubwa ushahidi wa mtu ambaye hayupo tena.

La tatu lilinitoa machozi mbele ya mfagiaji. Nilimwita Kimya. Akaja, mkono umefungwa shingoni, amenibebea ndizi. Nikamwambia, "Kimya, mimi sikubonyeza." Akasema, "Najua, Mzee." Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia. Akaziweka ndizi mezani, halafu akasema, "Ningewaambia wewe umesahau kazi, ungekuwa umebaki na nini?" Mtu ana watoto watatu, alikuwa tayari kufukuzwa ili mimi nibaki fundi. Nimefundisha watu kuuliza maisha yangu yote, na huyu nilikuwa sijawahi kumwuliza habari za nyumbani kwake.

Jana nimeiandikia kamati kwa mkono wangu. Nimesema sikubonyeza kitufe, kitufe ni kizima, wakakipime. Nimesema fundi aliyekifunga ndiye aliyeniokoa. Nimesema nimekuwa nikifanya kazi kwa kusoma barua, na kwamba sitaingia tena kwenye shimo. Kimya aliisoma, akataka kuichana. Nikamnyang'anya. Ufunguo wa milango nimempa. Miaka thelathini na mbili umekaa kwenye mkanda wangu, na alipouchukua suruali ililegea, ikabidi nicheke.

Kwa nini sikusema. Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali tunaijua wote, ila tunadhani inawasema majirani. Nilijua tangu mwaka jana. Siku moja nilisimama mbele ya mashine nikajua jinsi ya kuuliza, "Hiki ni nini, na kwa nini kiko hapa?" lakini jibu halikuja. Maswali yamebaki, Haraka, yote yapo, yamejipanga. Majibu ndiyo yanayotoka moja moja bila kuaga. Nikawaza, mtu mwenye maswali tu, nani atamjua kama si mwalimu? Nikajificha humo. Na wewe ulikuwa na majibu yangu yote, nilikupa mwenyewe. Nikaona si wizi kuyaomba kidogo kidogo.

Usijilaumu kwa ile Ijumaa. Nilikufundisha kutega mwalimu anayesinzia. Ulimtega, ukamkuta amesinzia. Kosa la mwanafunzi ni lipi hapo?

La nne. Mtu akisema yu mzima, utajuaje? Sasa najua: mtu hawezi kujipima mwenyewe. Anahitaji aliye upande wa pili wa mlango, abonyeze, aone. Umenipima. Asante.

Nami nikuulize moja, na hili jibu lake silijui, kwa hiyo sikupimi. Ukija mwezi wa sita, nikakuuliza kitu ambacho nimeshakuuliza, na kesho yake nikakuuliza tena, utanijibu kama mara ya kwanza?

Mjomba wako


19 Mei

Mpwa wangu Haraka,

Hujambo? Huku mguu unaendelea, na Kimya anakusalimu; alisema "msalimie" tu, unamjua.

Nimesikia umekabidhiwa jengo zima, ghorofa kumi na nne, na ofisi yenye meza. Nimewaambia wauguzi wote wa wodi hii. Mtoto wa dada yangu ana meza.

Lakini ile lifti yako ya kulia, inayosimama chini ya sakafu, bado inanisumbua kichwani. Nataka ujiulize: inakosea ikiwa na watu au ikiwa tupu? Ikipanda au ikishuka? Na asubuhi ni sawasawa na alasiri? Usinipigie simu. Lala nayo.

Mjomba wako


26 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nashukuru kwa barua. Kamati imemaliza, Kimya ameniandikia: kitufe kimekutwa kizima, yuko kazini, na ufunguo umemning'inia kiunoni.

Kuhusu lifti ya kulia, nilikuwa sijawaza kabisa kuangalia kama asubuhi ni tofauti na alasiri. Swali zuri. Ngoja nipande nikaangalie, nitakuandikia nilichokikuta.

Mpwa wako,
Haraka